Usikate Hedi Kabla ya Kuijua Kamshafti

"Nikiskimu hedi ya Fielder yangu milimita moja, nguvu itaongezeka kiasi gani?" Swali hili naletewa kila mara, linabadilika jina la gari tu: leo Fielder, kesho Probox, keshokutwa Vitz au Premio. Na halikosi mwenzake: "Baada ya hapo nifunge kamshafti ipi kubwa?" Nimelijibu kwa mtu mmoja mmoja kiasi cha kutosha. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Kuskimu hedi ni tiba ya hedi iliyopinda. Haijawahi kuwa njia ya kuongezea injini nguvu, na kwa injini tunazoendesha siku hizi ni njia ya haraka ya kuiharibu. Na anayeuliza habari za kamshafti wakati hedi imekwisha kukatwa ameianza kazi kutoka mwisho, kwa sababu kamshafti ndiyo inayoamua injini inahitaji kompresheni kiasi gani. Hedi iliyokatwa hairudishwi.

Najua imani hii inakotoka. Gari limechemsha, gasketi imeungua, hedi imepinda. Linapelekwa gereji. Hedi inaskimiwa, valvu zinasagwa upya, sili za valvu zinabadilishwa, inafungwa gasketi mpya, plagi mpya, chujio jipya la hewa, oili mpya. Gari linatoka hapo likiitikia mguu vizuri ajabu. Mwenye gari analilinganisha na lilivyokuwa mwezi uliopita, wala hafikirii lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Nguvu anayoisikia ni ile ile ya zamani, iliyokuwa ikivuja kwenye valvu na gasketi, sasa imezibiwa njia. Lakini katika kazi zote zile, moja tu ndiyo iliyomkaa machoni: chuma kikikwanguliwa mpaka kinang'aa. Basi sifa yote anaipa mashine ya kuskimu.

Chimbuko la pili ni wazee wetu wa gereji, na wao walikuwa na haki yao. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 waliyoizoea ilikuwa na hedi za uwiano wa kompresheni wa 7:1 na 8:1. Kuitoa injini kwenye 7 ukaifikisha 8 kunaongeza ufanisi wake kwa zaidi ya asilimia 4 kwa hesabu ya nadharia, na dereva anaihisi mlimani. Petroli nayo ilikuwa na risasi, iliyotiwa makusudi ili kuzuia injini kugonga, mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia 2006. Hali hizo mbili hazipo tena. Faida ya kompresheni hupungua kadiri unavyopanda: hatua ile ile ya namba moja, ukiichukua kutoka 10.5 hadi 11.5, inakupa asilimia 2 na kitu tu. Ushauri uliofaa kwa injini ya 7:1 hauhamishwi hivi hivi kwenda kwenye injini ambayo kiwanda kimekwisha kuifikisha karibu na mpaka wa petroli yake.

Hesabu ya chuma

Tuchukue injini ambayo wengi wenu mnaiendesha: 1NZ-FE ya Toyota, ya lita 1.5, iliyomo kwenye Probox, Fielder, Vitz, Premio na Allion. Kipenyo cha silinda ni milimita 75, na mwendo wa pistoni ni milimita 84.7. Ujazo wa silinda moja ni sentimita za ujazo 374. Uwiano wa kiwandani ni 10.5:1, kwa hiyo pistoni ikifika juu kabisa, nafasi iliyobaki juu yake ni kama sentimita za ujazo 39.4.

Fundi akikwangua sehemu mbili za kumi za milimita, kiasi cha kunyoosha hedi iliyopinda kidogo, anapunguza nafasi ile kwa pungufu ya sentimita moja ya ujazo. Uwiano unapanda kutoka 10.5 hadi 10.7. Kwa kanuni ya injini ya petroli hiyo ni nyongeza ya nusu asilimia. Injini ya farasi 109 imepata nusu farasi. Ukiwasha kiyoyozi unapoteza zaidi ya hapo mara kadhaa.

Haya, kata hiyo milimita moja unayoililia. Hata tukikubali kwamba chumba cha kuwakia kimeenea duara zima la silinda, jambo ambalo si kweli, uwiano hauvuki 11.7. Nyongeza yake haifiki asilimia 3, yaani farasi watatu, tena kwenye karatasi. Karatasi haigongi wala haichemshi. Injini ikigonga, sensa ya kugonga inaipa kompyuta taarifa, kompyuta inachelewesha cheche, na farasi wale watatu wanaondoka na wenzao. Dereva hasikii kitu. Anaona tu gari zito na petroli inakwisha upesi, akija kwangu ananiambia hedi haikukatwa vya kutosha.

Ushahidi uko mtaani

Asiyeamini hesabu na atazame gari la jirani. Toyota ilitengeneza ndugu wa injini hii, 1NZ-FXE, kwa ajili ya magari ya haibridi. Prius ya kizazi cha pili, ya 2003, ilitoka nayo. Kipenyo cha silinda ni kile kile, mwendo wa pistoni ni ule ule, lita 1.5 ile ile. Uwiano wake ni 13:1. Nguvu yake ni farasi 77.

Soma tena. Injini yenye 10.5:1 inatoa farasi wapatao 109. Nduguye mwenye 13:1 anatoa 77. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kuzuiwa isizunguke zaidi ya mara 5,000 kwa dakika, lakini hata bila kizuizi hicho isingemfikia mwenzake. Na pamoja na kompresheni kubwa kiasi hicho, inakunywa petroli ya kituo kile kile na haigongi. Kama namba ya kompresheni peke yake ingekuwa ndiyo nguvu, Prius ingeiacha Probox bila injini yake ya umeme. Na kama namba hiyo peke yake ingekuwa ndiyo kugonga, Prius ingevunja pistoni zake wiki ya kwanza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokea, na sababu iko kwenye kamshafti.

Michoro ya vitabuni inaonyesha valvu ya kuingiza ikifungwa pistoni inapofika chini kabisa. Injini halisi haifanyi hivyo. Pistoni inafika chini, inageuka, inaanza kupanda, na valvu bado iko wazi. Pistoni haiwezi kugandamiza kitu ambacho mlango wake haujafungwa. Kompresheni ya kweli inaanza pale valvu inapokaa kwenye kiti chake, na ni nundu ya kamshafti inayopanga wakati huo.

Tuifanyie hesabu 1NZ yetu. Valvu ikifungwa digrii 45 baada ya pistoni kupita chini, pistoni imekwisha kupanda milimita 9 bure. Ikifungwa digrii 65, imepanda milimita 19. Ikifungwa digrii 75, imepanda milimita 25, yaani zaidi ya robo ya safari yake. Ukihesabu uwiano kuanzia pale valvu inapofungwa, injini ya 10.5:1 kwa kamshafti ya digrii 45 inagandamiza 9.5 kwa 1. Kwa kamshafti ya digrii 65 inashuka hadi 8.4. Kwa digrii 75 inabaki 7.7. Chuma ni kile kile, hedi haijaguswa.

Sasa iweke pistoni ya 13:1 pamoja na valvu inayofungwa digrii 75. Unapata 9.4. Linganisha na 9.5 ya injini ya kawaida yenye kamshafti ya digrii 45. Ndiyo maana Prius haigongi: Toyota iliongeza kompresheni na kuchelewesha valvu kwa pamoja, kwa mpango mmoja. Sehemu ya mchanganyiko inarudishwa ilikotoka kabla valvu haijafungwa, kwa hiyo nguvu inapungua, lakini gesi iliyowaka inapata nafasi ndefu ya kutanuka na petroli inatumika vizuri. Mwingereza James Atkinson alilishughulikia wazo la mtanuko mrefu tangu miaka ya 1880. Ni akili ya zamani, na imetumika kwa lengo linalojulikana.

Kwa hiyo wale wanaoniuliza kama watie pistoni za Prius za mtumba kwenye Fielder na kuacha kamshafti ya Fielder, jibu ni hapana. Utakuwa umechukua nusu moja ya mpango ukaiacha nusu inayoulinda.

Kisu kinaharibu nini

Turudi kwenye hedi, kwa sababu hasara zake hazijaisha.

Kwanza taimingi. Ukikata hedi, kamshafti zinasogea karibu na kranki. Cheni haijafupishwa, kilegevu kinavutwa na kikazio upande mmoja, na kamshafti inabaki nyuma ya kranki. Kwa gia ya kamshafti yenye kipenyo cha sentimita 10, milimita moja iliyokatwa inaichelewesha kwa zaidi kidogo ya digrii 2 za kranki. Kwenye 1NZ-FE mtambo wa kubadilisha taimingi, VVT-i, uko upande wa kuingiza tu na unaweza kufidia. Upande wa kutoa hauna wa kuufidia.

Pili mfuniko wa cheni. Kwenye injini hii mfuniko wa mbele umefungwa kwenye bloku na kwenye hedi kwa pamoja, na kava ya juu inakaa juu ya vyote viwili. Hedi ikishuka milimita moja, mfuniko haushuki nayo. Kinabaki kidato pale vinapokutana. Mafundi wanakijaza silikoni, oili inavuja, na mteja anaambiwa gasketi za siku hizi ni mbovu.

Tatu valvu na pistoni. Viti vya valvu viko ndani ya hedi, kwa hiyo kila unachokata usoni kinazisogeza valvu chini kuelekea pistoni kwa kiasi hicho hicho. Ukiongeza na kamshafti inayonyanyua valvu juu zaidi na kuifungua mapema zaidi, nafasi iliyokuwepo inaliwa kutoka pande mbili. Hili haliharibiki polepole. Linaharibika mara moja, kwa kishindo, injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa.

Nne, na hili hata mafundi wazuri wanalisahau: kuskimu hedi hakuleti faida ambayo kompresheni iliyojengwa vizuri huleta. Kando ya chumba cha kuwakia kuna sehemu bapa ambazo pistoni inazikaribia sana inapofika juu. Mwanya ule ukiwa mwembamba, karibu milimita moja, mchanganyiko unasukumwa kwa nguvu kuelekea katikati kwenye plagi, unawaka upesi, na uwezekano wa kugonga unapungua. Sehemu hizo bapa ziko kwenye uso wa hedi wenyewe. Ukiukata uso, zinabaki kwenye uso, na mwanya kati yao na pistoni haubadiliki hata kidogo. Mwanya unapunguzwa na gasketi nyembamba, au pistoni ndefu zaidi, au bloku iliyokatwa. Anayekata hedi anaongeza hatari ya kugonga bila kununua kinga yake.

Tano jiografia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo dogo kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Injini iliyokatwa hedi ikajaribiwa Nairobi inaonekana imekubali. Ipeleke Mombasa na mzigo, kwenye joto, na hewa nzito ya pwani ijaze silinda. Kinachofuata ni simu ya kuniuliza kwa nini gasketi imeungua Mariakani, njiani kuingia Mombasa.

Kugonga ni nini? Mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao moto wa plagi haujaufikia, unabanwa na kupata joto mpaka unalipuka wenyewe kwa mara moja. Mlipuko huo unavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, unatoboa gasketi, unakula alumini. Mwingereza Harry Ricardo alitengeneza injini ya majaribio yenye kompresheni inayobadilishwa mwaka 1919, akaonyesha kwamba kila petroli ina kikomo cha kompresheni inachoweza kubeba. Tumekwisha kulijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Sioni sababu ya kulijaribu upya kwa pistoni zako.

Vidonge vya nondo

Hapo ndipo dawa ya mtaani inapoingia. Gari likianza kugonga, anatokea mshauri wa kutia vidonge vya kuulia nondo kwenye tangi, eti vinapandisha oktani. Naomba hili liishe.

Vidonge hivyo ni vya aina mbili. Vya kwanza ni nafthalini, ambayo oktani yake haizidi ya petroli nzuri ya kituoni. Huwezi kupandisha kiwango cha kitu kwa kukichanganya na kisichokizidi. Inayeyuka kwenye petroli, lakini petroli ikipungua au ikipoa inaweza kuganda tena kwenye chujio na nozeli, na ikiungua inaacha masizi mengi kwenye valvu na plagi. Masizi yanajaza chumba cha kuwakia na kushika moto, na yote mawili yanachochea kugonga. Vya pili, ambavyo ndivyo vingi madukani, vimetengenezwa kwa kemikali yenye klorini. Ikiungua inatoa asidi ya hidrokloriki. Unaitia injini yako ya alumini asidi, na sensa ya oksijeni, na bomba la moshi. Halafu mtu huyo huyo anabishana na fundi juu ya bei ya oili.

Dawa ya pili ni kuchelewesha cheche mpaka kugonga kunyamaze. Hiyo inanyamazisha kweli, na inakunyang'anya nguvu yote uliyoilipia, pamoja na nyingine uliyokuwa nayo kabla. Joto la moshi linapanda, petroli inaongezeka. Ukifikia hapo, hedi ya zamani ilikuwa bora.

Kamshafti kubwa kwenye kompresheni ndogo

Wapo wanaokosea kwa upande wa pili. Wananunua kamshafti ya mashindano kwenye mtandao, ya digrii 288 (hizi ni digrii za muda wote ambao valvu inakaa wazi), wanaifunga kwenye injini ambayo kompresheni yake haijaguswa. Gari likisimama kwenye taa linatetemeka. Likiondoka halina pumzi mpaka mzunguko upande sana, na dereva wa mjini hafiki huko.

Mmekwisha kuona sababu. Valvu inayochelewa kufungwa inaishusha kompresheni ya kweli kutoka 9.5 hadi 8.4 au chini zaidi kwenye mwendo mdogo, na sehemu ya hewa inarudishwa nje. Kwenye mzunguko mkubwa mambo yanageuka: hewa inayoingia ina kasi na uzito, inaendelea kujisukuma ndani ingawa pistoni inapanda, na valvu iliyo wazi muda mrefu inaipa nafasi. Huko ndiko kamshafti kubwa inakolipa. Huko ndiko pia kompresheni ya juu inakoruhusiwa, kwa sababu kamshafti imekwisha kuipunguza kule chini.

Kwa 1NZ yetu, ukichagua kamshafti inayofunga valvu digrii 65 na ukataka injini iwe na pumzi ile ile ya chini iliyokuwa nayo, uwiano wa kwenye karatasi unatakiwa upande hadi karibu 11.9. Hiyo ndiyo maana ya kamshafti na kompresheni kupatana. Uwiano huo huo wa 11.9 kwenye kamshafti ya digrii 45 ungekuwa 10.7 ya kweli, na kugonga kwake hakutulizwi na kidonge chochote.

Na hapa niwaombe mafundi jambo. Ukimfungia mteja kamshafti kubwa kisha ukapima kwa geji ya kompresheni, namba itashuka. Usimwambie ringi zimekwisha. Geji inasoma kinachobaki baada ya valvu kufungwa. Vilevile usilinganishe namba ya Nairobi na kitabu kilichoandikiwa usawa wa bahari. Geji inaonyesha shinikizo. Uwiano wa kompresheni unapimwa kwa ujazo. Hivyo ni vitu viwili, na injini nyingi nzima zimefunguliwa bure kwa kuvichanganya.

Ukiamua kufanya, fuata mpangilio huu

Anza na petroli unayoweza kuipata kila siku, kila mji unaokwenda. Angalia oktani yake kwa kipimo cha RON. Katalogi za Marekani zinatumia wastani wa vipimo viwili: 91 yao ni kama 95 au 96 kwa RON.

Amua mzunguko utakaoutumia. Gari la kila siku linaishi kati ya 1,500 na 4,000. Baki na kamshafti ya kiwandani au ya digrii zisizozidi 264. Za 288 na kuendelea ni za mashindano.

Dai karatasi ya kamshafti. Isiposema valvu ya kuingiza inafungwa digrii ngapi, na kipimo kimechukuliwa valvu ikiwa imenyanyuka kiasi gani, usinunue. Wengine wanapima mwanzo kabisa wa kunyanyuka, wengine kwenye milimita 1, wengine kwenye 1.27. Digrii 264 za mmoja zinaweza kuwa ndogo kuliko 250 za mwingine.

Kisha hesabu uwiano unaohitajika, na uupate kwa pistoni na gasketi. Pima ujazo wa vyumba vya hedi kwa bomba la sindano na kioo, vyote vinne, usikisie. Mwanya wa pistoni na hedi uwe karibu milimita moja.

Kagua nafasi ya valvu na pistoni kwa plastisini juu ya pistoni, hedi ikiwa imefungwa na gasketi ya kweli, kranki ikizungushwa kwa mkono. Acha isiyopungua milimita 1.5 upande wa kuingiza na 2 upande wa kutoa. Hakikisha springi hazibanani valvu ikiwa wazi kabisa. Usitumie tena springi za zamani.

Programu ya kompyuta ibadilishwe kulingana na kamshafti. Sensa ya hewa inayosoma mawimbi yanayorudi nyuma itaikosesha petroli au kuizidishia. Kama huna bajeti ya programu, huna bajeti ya kamshafti.

Ukijenga injini Nairobi na unashuka pwani, ipangie Mombasa.

Hedi yako imepinda? Iwekewe rula ya chuma na fila geji, iskimiwe kile tu kinachotakiwa kuinyoosha, isizidi kipimo cha kitabu cha gari lako. Gari limepungua nguvu lakini halijachemsha? Pima uvujaji wa silinda, saga valvu, badilisha plagi na chujio, safisha koo la hewa, angalia breki zisizoachia. Unataka nguvu zaidi kwa kila siku? Fielder hiyo hiyo ilitoka pia na injini ya lita 1.8. Uza yako, nunua hiyo. Utakuwa umetumia fedha kidogo kuliko pistoni, kamshafti, springi na programu, na utapata nguvu zaidi ya ile ambayo kisu cha kuskimu kingekupa katika maisha yake yote.

Na fundi akikuambia akate hedi ili gari liwe jepesi, muulize swali moja kabla hujamwachia ufunguo: valvu ya kuingiza ya injini hii inafungwa digrii ngapi baada ya pistoni kupita chini? Akikujibu, keti naye mzungumze. Asipojua, chukua gari lako uondoke.